TUKATAE LIPU JUU YA KUTU

Ndugu wafanyakazi,

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini uko ufa ambao ukizibwa kwa lipu tu, hatari imefichwa. Ni ufa wa zege lenye nondo.

Katika kiwanda nilichofanyia kazi zamani, nguzo za ghala la mbolea zilitoa madoa ya kutu. Mwajiri akaleta lipu na rangi. Mwaka uliofuata zege likabanduka, nondo tukazikuta zimeliwa. Hakuna aliyeumia, lakini hiyo ilikuwa bahati tu.

Jambo lenyewe ni hili. Zege zuri hukinga chuma. Lakini chumvi ya bahari, na ile ya baadhi ya mbolea, hupenya polepole pamoja na maji. Hewa nayo hupunguza ile kinga. Kutu ikianza huvimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Je, yaweza kujulikana mapema? Ndiyo. Mafundi hutoboa zege wakapima chumvi imefika kina gani. Hunyunyiza dawa inayogeuka rangi ya waridi pale ambapo kinga ingali hai. Wakijua nondo iko kina gani, hukadiria miaka iliyobaki. Hewa ikiharibu sentimita 1 kwa miaka 10, ya pili hufikiwa baada ya miaka kama 40. Basi mjenzi anayepunja sentimita moja ametuibia miaka 30!

Huko Genoa, Italia, daraja alilolibuni Riccardo Morandi lilifunguliwa mwaka 1967. Mwaka 1979 yeye mwenyewe aliandika kuonya juu ya kutu. Tarehe 14 Agosti 2018 likaanguka, watu 43 wakafa, wakiwamo wafanyakazi waliokuwa kazini chini yake. Onyo halikukosekana.

Kwa hiyo naona tudai mambo matatu. Kwanza, kila tawi liwe na mtu wa kugonga nguzo kwa nyundo na kuandika nyufa na tarehe zake. Zege likilia kama debe tupu, limeachana na nondo. Pili, vipimo vya majengo viingizwe katika mkataba wetu na mwajiri. Tatu, taarifa ya injinia isomwe mbele ya kamati ya wafanyakazi, isifungiwe kabatini.

Mshahara tunaupigania kila mwaka. Na paa lililo juu ya vichwa vyetu je?

Umoja ni nguvu.