Mji wa teksi ziitwazo Nimonia, na kadi yangu ya njano

Tangu niliporudi kutoka Meksiko, wasomaji kadhaa wa safu hii wamekuwa wakiniuliza maswali mawili: kule kuna nini cha kuona, na je, mtu mwenye presha au mwenye mtoto mdogo anaweza kwenda? Leo nawajibu kwa pamoja. Nitaongeza na jambo moja ambalo hakuna aliyeniuliza, na ambalo kwa kweli nilitamani libaki siri yangu.

Nilikwenda kwa mafunzo ya wanahabari wa afya. Yalipokwisha, mwenzangu mmoja, dada mwenyeji wa huko, akanialika kwao Mazatlán kwa siku 4. Mazatlán ni mji wa bandari katika jimbo la Sinaloa, kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki. Jina lake linatokana na lugha ya Kinahuatl, na maana yake ni mahali pa kulungu. Kulungu sikuwaona. Nilichokiona kwanza ni teksi.

Teksi isiyo na milango

Fikiria bajaji, ila ipanue, iongezee gurudumu la nne, kisha uitoe milango na vioo. Hiyo ndiyo teksi maarufu ya Mazatlán. Ilianza mwaka 1965 na inaitwa "pulmonía", yaani nimonia. Inasimuliwa kwamba madereva wa teksi za kawaida, walipoona biashara inawaponyoka, waliwatisha abiria kuwa upepo wa kwenye vigari hivyo utawapa nimonia. Abiria wakaendelea kupanda, na jina likabaki. Leo mgeni asiyepanda pulmonía huambiwa hajafika Mazatlán.

Nilicheka sana, kwa sababu maneno hayo nimekua nayo. Bibi yangu hakuruhusu mtoto apite barazani jioni bila kofia na shali: "Mfunikeni, upepo utampa nimonia!" Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu bado wanaamini hivyo.

Ukweli ni kwamba nimonia huletwa na vimelea, yaani bakteria, virusi na wakati mwingine fangasi, ambavyo mara nyingi hupita kwa kukohoa na kupiga chafya. Moshi wa jikoni, lishe duni na kukosa chanjo humweka mtoto kwenye hatari zaidi. Kumvika mtoto nguo za joto si kosa. Kosa ni kumwongezea blanketi la pili wakati anapumua haraka haraka, mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya. Ukiona dalili hizo, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tembea, panda, pumzika

Fahari ya Mazatlán ni njia ya waenda kwa miguu kando ya bahari, ambayo wenyeji huiita malecón. Ina urefu wa takriban kilomita 21, na ni miongoni mwa ndefu zaidi duniani za aina yake. Alfajiri utakuta wazee wanatembea, vijana wanakimbia na watoto wako kwenye baiskeli. Ni tambarare, haina kiingilio, na kwa mtu aliyeambiwa na daktari afanye mazoezi mepesi inafaa mno. Njiani kuna wapiga mbizi wanaojirusha baharini kutoka juu ya mwamba. Huwa wanasubiri wimbi liingie kwanza, kwani bila wimbi maji ya pale chini ni haba. Watazame tu. Usiwaige.

Kwenye ncha ya kusini ya mji kuna mnara wa taa za meli, El Faro, uliokaa juu ya kilima kiitwacho Cerro del Crestón, mita 157 kutoka usawa wa bahari. Taa yake ilianza kuwaka mwaka 1879. Kufika juu unapanda njia ya kuzunguka kilima, kisha ngazi zaidi ya 300. Mandhari ya juu, mji upande mmoja na bahari upande mwingine, yanastahili jasho hilo. Nenda asubuhi na mapema kabla jua halijakaza, beba maji, na tumia kipimo hiki: ukishindwa kuzungumza huku unapanda, simama upumzike. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu isiyotulia au presha ambayo bado haijadhibitiwa abaki malecón. Bahari anayoiona ni ile ile.

Wenye watoto wapite kwenye akwaria kubwa iliyofunguliwa mwaka 2023, yenye papa, taa na viumbe wengine wa Ghuba ya California. Mashua ndogo huvusha watu hadi Isla de la Piedra, ufuko wenye minazi na maji yaliyotulia. Jina linasema ni kisiwa, lakini kumbe ni rasi.

Na chakula? Mazatlán ni mji wa kamba, kuna hadi mtaa ambako kina mama wamepanga mabeseni ya kamba wabichi, kama wauza samaki wetu pale Feri. Chakula kinachopendwa jimboni humo ni aguachile: kamba mbichi waliolowekwa kwenye ndimu na pilipili. Nilionja, ni kitamu. Ila tukumbuke kwamba ndimu hubadilisha rangi ya nyama tu, haiui vijidudu kama moto unavyoua. Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye kinga dhaifu wale kamba waliopikwa. Wapo wengi na ni watamu vilevile.

Kuhusu wakati, mvua na vimbunga huja kati ya Mei na Novemba, kwa hiyo miezi ya Desemba hadi Aprili ni mizuri zaidi. Kuhusu usalama sitawadanganya. Sinaloa ni jimbo lenye magenge ya dawa za kulevya, na mapigano baina yao yalishika kasi Septemba 2024. Anayepanga safari aulize hali ilivyo wakati huo, na akifika afuate ushauri wa wenyeji.

Mwimbaji wa siku 8

Siku ya tatu mwenzangu alinipeleka mji mkongwe. Tulipita kanisa kuu lenye minara miwili ya manjano, tukaketi Plazuela Machado chini ya miti, kisha tukaingia kwenye ukumbi wa maonyesho uliopo jirani, Teatro Ángela Peralta. Ulifunguliwa mwaka 1874 kwa jina la Teatro Rubio. Baadaye ukageuzwa sinema, ukatelekezwa hadi miti ikaota ndani, kisha ukakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1992.

Ángela Peralta alikuwa mwimbaji wa opera mzaliwa wa Jiji la Meksiko. Mwaka 1862, akiwa hajatimiza miaka 17, aliimba katika jumba la La Scala huko Milano. Agosti 22, 1883 alitia nanga Mazatlán na kundi lake. Mji ulimpokea kama malkia. Inasimuliwa kwamba mashabiki waliwafungua farasi wa gari lake na kulivuta wenyewe hadi hotelini.

Agosti 30 alikuwa amefariki dunia kwa homa ya manjano. Alikuwa na miaka 38. Wengi wa wenzake katika kundi walikufa kwa ugonjwa huo huo.

Wakati ule watu hawakujua wajikinge na nini. Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alikuwa ameshasema mwaka 1881 kwamba mbu ndiye msambazaji, lakini hakuaminiwa mpaka utafiti wa mwaka 1900 ulipomthibitisha. Chanjo ilipatikana miaka ya 1930. Mwenzangu alipomaliza kusimulia, akanigeukia: "Ninyi Afrika Mashariki mna bahati, si mnachanjwa kabla ya kusafiri?"

Nikamwambia ndiyo. Kadi yangu ya njano ilikuwa ndani ya mkoba, na ilikuwa ya uongo.

Muhuri bila sindano

Nikiwa chuo kikuu tulipanga safari ya basi kwenda nchi jirani. Siku mbili kabla ya kuondoka, kaka mmoja wa kundi letu akakusanya majina na fedha, jioni akarudi na kadi. Kila moja ilikuwa na jina, tarehe na muhuri. Hakuna aliyechomwa sindano. Tulimshukuru kwa kutupunguzia usumbufu.

Miaka ikapita. Nikawa mwandishi wa afya, nikaandika makala za kuwahimiza kina mama wasikose kliniki. Safari ya Meksiko ilipokuja nikatoa kadi ile ile kabatini, kwa sababu siku hizi kadi hiyo haina ukomo. Nilijiambia kwamba ni karatasi ya kumwonyesha afisa.

Pale ukumbini nililiona kosa langu vizuri. Mbu aenezaye homa ya manjano ni yule yule aenezaye dengue, iliyotutesa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Anauma mchana, anazaliana kwenye ndoo, matairi na vyungu vya maua. Yupo kwetu na yupo Meksiko. Msafiri akifika na virusi mwilini, mbu wa mji ule humuuma yeye leo na kumuuma mwenyeji siku zijazo. Kwa hiyo chanjo ni ya kunilinda mimi, na pia ni ya kumlinda dada yule aliyenilaza kwao, pamoja na mama yake aliyenipikia.

Wiki niliyorudi nilikwenda kituo cha chanjo. Nesi akaniuliza bila kuinua macho, "Unataka kuchanjwa, au unataka kadi tu?"

"Kuchanjwa, dada," nikasema. Swali lake liliniumiza kuliko sindano, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

Unayopaswa kujua

Homa ya manjano haina dawa ya kuua virusi vyake. Huanza kwa homa, kichwa na mgongo kuuma na kutapika. Wengi hupona, lakini wachache huingia hatua ya pili ya macho kuwa ya manjano na kuvuja damu, na karibu nusu ya hao hufa.

Dozi moja ya chanjo hutosha maisha yote kwa watu wengi. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo usingoje wiki ya safari. Mweleze mhudumu ukweli kama una mzio wa mayai, kinga yako imeshuka, u mjamzito, unanyonyesha au umefikisha miaka 60, maana kuna wasiopaswa kuchanjwa na kuna wanaohitaji ushauri wa daktari kwanza. Asiyepaswa kuchanjwa hupewa cheti cha daktari kinachoeleza hivyo, ingawa baadhi ya nchi zinaweza kukikataa, kwa hiyo auliziwe mapema ubalozini. Hana haja ya kununua muhuri.

Kadi ya zamani nimeichana. Mama yangu alipoona mkono wangu umevimba kidogo akauliza nimefanya nini. Nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Na wale wenzako wa kwenye basi, mwanangu, umewaambia?"

Namba zao nilizonazo ni 5. Nimeshawapigia 3. Wawili waliobaki, kama mnasoma ukurasa huu, mjue nawatafuta.