Wanayosema Watu Kuhusu Kijana Mwenye Himofilia

Kijana mwenye himofilia akifika miaka 18 hukuta watu wameshamwamulia mengi: kazi asiyoiweza, ndoa isiyomfaa, safari asizoruhusiwa. Wengi husema kwa huruma. Hata hivyo maneno hayo yanamfungia njia, na yanastahili kujibiwa.

"Akijikata tu, amekwisha." Si kweli. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya mwingine. Inachelewa kuganda, kwa kuwa ana upungufu wa protini ya kugandisha damu iitwayo fakta: namba 8 kwa wenye aina A, namba 9 kwa aina B. Kidole kilichochubuka hukandamizwa, kikafungwa, yakaisha. Hatari kubwa iko ndani, kichwani, tumboni na kwenye viungo. Goti huanza kwa kuchonyota na kupata joto, kisha linavimba, ngozi inavutika hadi inang'aa, mguu haukunjiki. Hali hiyo ikijirudia, gegedu hulika na goti likaharibika kabisa. Ndiyo maana fakta huchomwa dalili ya kwanza inapoonekana, bila kungoja uvimbe.

"Si ameshakua? Ugonjwa umetulia." Himofilia imo kwenye jeni, na kwa kawaida hudumu maisha yote. Kinachobadilika ni mlinzi. Miaka yote mama ndiye aliyejua tarehe ya kliniki, ndiye aliyemzuia muuguzi asimchome mwanawe sindano ya msuli. Sasa kijana amehamishiwa kliniki ya watu wazima, amepanga chumba mji wa mbali, na wenzake wa chuoni hawajui lolote. Kwangu mimi, hapa ndipo wengi wanapopotea. Anatakiwa ajue aina yake na ukali wake (fakta ikiwa chini ya asilimia 1, ni kali), dozi yake kwa uzito wake, na kama mwili umetengeneza kingamwili zinazoikataa dawa. Ajue kwamba aspirini si ya kwake. Ajifunze kujichoma mshipani. Tena dawa haipo kila mahali: sehemu kubwa ya fakta inayotumika Afrika Mashariki ni msaada unaopitia Shirikisho la Himofilia Duniani, nayo hupatikana zaidi kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na Kenyatta. Kijana anayeuliza kwanza dawa iko wapi kabla ya kuchagua chuo hajadeka. Anapanga maisha yake.

"Asioe, atazaa wagonjwa." Jeni hii iko kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume hurithi X kwa mama. Kwa hiyo, mama asipokuwa mbebaji, watoto wa kiume wa baba mwenye himofilia hawaipati. Mabinti ndio wote huibeba, na baadhi yao huvuja damu nyingi wakati wa hedhi au kujifungua, hivyo wapimwe. Mchumba aambiwe haya mapema, kabla ya posa. Na wanaodai ni laana ya ukoo wajue kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua.

"Hafai kazi wala michezo." Ngumi na raga, hapana. Kuogelea na kutembea humfaa sana, maana misuli imara hukinga viungo. Ualimu, uhasibu, ufundi wa simu, yote anayaweza. Palipo na emicizumab, dawa ya aina A inayochomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki hadi kila wiki nne, wengi huenda kazini kama wenzao. Kinachowaponza wengine ni kuficha: kifundo kimevimba, anachechemea hadi kazini kwa kuogopa kufukuzwa.

Mwajiri, mpe ruhusa ya saa chache akachome fakta, naye atarudi kazini. Nawe kijana, usiage kliniki ya watoto kabla hujapewa karatasi yenye aina ya himofilia yako, dozi yako na namba ya simu ya daktari anayekupokea.