Hema Juu ya Mawe Meusi

Twendeni leo safari ya barabara, lakini kwa fikira tu, maana vita vimeifanya njia hii kuwa ya mashaka. Hema tulichukue, wala tusingoje kiangazi.

Kwanza tuutazame mji wa Goma. Penye mzunguko wa barabara imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu: mtu na chukudu yake, ile baiskeli ya mti ichukuayo viazi na makaa. Miji mingine huwasimamishia sanamu wafalme. Goma imemheshimu mchukuzi, nami naona imefanya vema. Kisha tutapita mahali pa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoteketezwa tarehe 17 Januari 2002, moto wa mlima Nyiragongo ulipoteremka hadi mjini.

Sasa tushike njia ya Rutshuru, ambayo moto huohuo uliikata tena Mei 2021. Kilometa chache tu, nasi tumefika Kanyaruchinya, chini ya mlima. Haya, simika hema! Kigingi hakiingii, kwa kuwa chini ni mwamba mtupu. Itakubidi kufunga kamba kwenye mawe mazito. Usiku mvua itakupiga mpaka blanketi lilowe. Asubuhi utatafuta maji ya kupikia, usione hata kijito. Mwamba ule una matundu na nyufa tele. Mvua yote umekwisha kuinywa. Mwenye akili hukinga maji ya mvua kabla hayajagusa ardhi.

Wako waliolala hapa si kwa matembezi. Mwaka 2012 wakimbizi wa vita walijaa Kanyaruchinya, na tena tangu mwisho wa 2022, makumi ya maelfu. Walikunja matawi ya mikaratusi, wakayafunika kwa maturubai. Mama aliyekesha akimhamisha mtoto kutoka pembe inayovuja, kulipokucha alipanga foleni na dumu la manjano, akingoja maji ya kuletwa kwa lori. Tena mwamba usiopokea kigingi haukubali kuchimbwa choo. Desemba 2022 kipindupindu kikaingia kambini.

Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka Goma. Mwezi uliofuata kambi zilivunjwa, watu wakaamriwa kurudi makwao, ambako wengi hawakujua kama nyumba zingali zimesimama. Turubai halikuachwa, lilikunjwa likatwikwa kichwani, kwani masika yalikuwa karibu.