Bambo Halichomwi Mdomoni mwa Gunia Peke Yake

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, mabishano yale yale hurudi vijiweni Nyamongo, hapa kata ya Matongo wilayani Tarime. Redio inatangaza kwamba utafiti wa maoni umempa mgombea fulani asilimia kadhaa, na mtu anaizima kwa hasira. Yaliyonikaa zaidi ni ya Septemba 2015, watafiti wa Twaweza walipotangaza kwamba Magufuli wa CCM ana asilimia 65 na Lowassa wa upinzani 25. Kijiweni kwetu hakuna aliyekubali. Ninayajibu leo kwa sababu mengi kati ya madai yaliyotolewa siku ile bado yanarudiwa, na karibu yote hayana msingi. Moja tu lina ukweli, na ukweli wake ni mkubwa kuliko wanavyodhani wanaolitoa.

La kwanza kila mtu analijua: "Mimi sijaulizwa, jirani yangu hajaulizwa. Watu 1,848 wataisemeaje nchi nzima?"

Mwangalie mnunuzi wa mahindi gulioni. Hamwagi gunia chini. Anatoa bambo, kile chuma cha ncha chenye mfereji, anachoma, na punje zinateleza hadi kiganjani. Anazipuliza vumbi, anaitafuna moja kusikia kama imekauka. Kisha anachoma ubavuni, kisha karibu na kitako, maana anatujua wauzaji: punje safi tunaziweka juu, zilizotobolewa na dumuzi tunazilaza chini. Viganja vitatu, na bei inatajwa. Sijawahi kusikia muuzaji akilalamika kwamba punje zake zote hazikutazamwa. Na gunia likiwa kubwa mara mbili, bambo ni lile lile.

Twaweza walifanya hivyo. Kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka Tanzania Bara, zikapewa simu na chaja ya jua ili hata asiye na umeme apatikane, kisha zikawa zinapigiwa. Zanzibar haikuwemo, na walisema wazi. Ukichagua hivyo, watu 1,848 wanakupa jibu linaloweza kuyumba pointi mbili au tatu kila upande kwa sababu ya bahati tu.

Wingi bila bambo haufai kitu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni mbili, nalo likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa asilimia 60 na ushei. Jarida lilikuwa limechota mdomoni mwa gunia: majina yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya dhiki.

"Lakini Tarime nzima ilikuwa Ukawa, tuliona kwa macho yetu." Ndiyo, na macho hayakudanganya. John Heche alichukua ubunge wa Tarime Vijijini, Esther Matiko akachukua wa Tarime Mjini, wote wa muungano huo wa vyama vya upinzani. Utafiti wa taifa haukusema neno lolote juu ya Tarime. Ulisema juu ya nchi. Aliyesimama Nyamongo akadhani anaiona Dodoma na Katavi alikuwa anajidanganya mwenyewe.

Dai la tatu ni zito: "Matokeo yalipotoka, utafiti ulionekana wa uongo." Tume ya Uchaguzi ilimpa Magufuli asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Kati ya 25 na 40 kuna pengo la pointi 15, na sitalifunika. Ila kukosea si kudanganya. Simu zilipigwa kati ya katikati ya Agosti na wiki ya kwanza ya Septemba, kura zikapigwa Oktoba 25. Lowassa alikuwa ameingia CHADEMA mwishoni mwa Julai tu. Utafiti ni picha ya siku ulipofanywa, na siku hazigandi.

Mahali pa kuliona hilo vizuri ni uchaguzi wa wakati wa vita. Agosti 23, 1864, Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Lincoln aliandika kwamba inaelekea hatachaguliwa tena, akaikunja karatasi na kuwataka mawaziri wake waisaini bila kuisoma. Septemba 2 mji wa Atlanta ukaanguka mikononi mwa jeshi lake. Novemba alishinda kwa asilimia 55. Mtu mwenye habari kuliko wote nchini alikosea miezi miwili na nusu tu kabla ya kura, na hakuna aliyemwita mwongo.

Hata hivyo muda peke yake haumalizi pengo letu. Asilimia kama 10 katika utafiti ule walitaja wengine, au hawakuamua, au hawakusema. Mpe Lowassa wote hao; anafika 35. Watafiti wa Ipsos nao walimpa 31. Rudi nyuma hadi 2010: Synovate walimpa Dkt. Slaa wa CHADEMA 16, REDET wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakampa 12, naye akapata zaidi ya 26. Tafiti nne, chaguzi mbili, na mara zote mgombea wa upinzani ndiye aliyepunjwa. Kosa la bahati huyumba huku na huku. Hili limeelemea upande mmoja kila mara, na linadai maelezo.

Kijiweni maelezo ni rahisi: "Aliyelipa ndiye aliyepanga majibu." Nilipenda kuliamini dai hili mpaka Julai 2018. Twaweza wale wale walioitwa vibaraka wa CCM mwaka 2015 walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanaoukubali utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 71 mwaka 2017, na sasa 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikawaandikia ikidai utafiti haukuwa na kibali. Mkurugenzi wa Twaweza, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Septemba mwaka huo Bunge likabadili Sheria ya Takwimu, kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali kukawa kosa la jinai, na kifungu hicho hakikulegezwa hadi Juni 2019. Kama walikuwa wanapika kwa ajili ya chama tawala, kwa nini walikaliwa kooni hivyo? Waliotumia njia moja mwaka 2015 na 2018 waliwaudhi wapinzani kwanza, kisha watawala. Mimi nalihesabu hilo kuwa ushahidi wa uaminifu wao.

Wazee wetu wana dai lao: hatuhitaji simu wala karatasi, ritongo, ule mkutano wa ukoo, linatosha kujua watu wanataka nini. Naliheshimu ritongo, limemaliza kesi za ng'ombe ambazo mahakama zilishindwa. Lakini pale kauli hutolewa mbele ya ukoo mzima, na wanaosikika ni wanaume, wazee kwanza. Kura hupigwa na mtu mmoja nyuma ya pazia. Ni vitu viwili.

Sasa nifike kwenye dai nililosema lina ukweli: "Watu wa hapa hawamwambii mgeni yaliyo moyoni."

Mwaka mmoja nilimsindikiza binti mdodosaji kutoka Mwanza, mwenye tableti na kitambulisho shingoni, katika kitongoji kilicho karibu na ukuta wa mgodi wa dhahabu. Tulimkuta mama akipukuchua mahindi juu ya gunia lililotandikwa. Mume wake alikuwa chini ya mti, hatua kama kumi hivi. Kila swali lilipoulizwa, mama alitazama kwanza chini ya mti, ndipo akajibu. Lilipofika swali la chama, mikono ilisimama juu ya gunzi. "Sisi hapa ni wa serikali tu, mwanangu," akasema, akaendelea kupukuchua. Binti akagusa kioo, jibu likaingia. Tulipoaga nilibaki nyuma kuomba maji. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, huyu katumwa na nani? Mgodi au polisi?"

Swali lile halikutoka hewani. Tarime na Rorya ni kanda maalumu ya kipolisi, iliyozaliwa na mapigano ya koo. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi katika mgodi huo wa North Mara. Mtu aliyeishi katika hayo, akiulizwa na mgeni mwenye kifaa anamchagua nani, hutoa jibu litakalomfanya mgeni aondoke salama. Watafiti wa Afrobarometer wanalijua jambo hili. Mwishoni mwa mahojiano yao humuuliza mtu anadhani nani amewatuma, na wengi husema ni serikali.

Hata kwa wasio na hofu ya namna hii, anayekubali kusema si lazima afanane na anayekataa. Novemba 2004, katika uchaguzi wa rais Marekani ikipigana Iraki, wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha mchana kutwa kwamba Kerry anaongoza. Bush alishinda, 50.7 kwa 48.3. Waliofanya mahojiano wakajichunguza, na Januari 2005 wakaandika hadharani kwamba wapiga kura wa Kerry walikuwa wepesi zaidi kukubali kuhojiwa. Walichapisha kosa lao lenyewe, na ukubwa wake. Hapo ndipo taasisi zetu zinapaswa kufika. Sioni dalili kwamba namba za 2010 na 2015 zilipikwa. Ninachokiona ni watu waliofumba midomo, na waliofumba zaidi walikuwa wa upande ambao kusema kuna gharama.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi tafiti zipigwe marufuku. Marufuku haimfungui mama yule mdomo. Inatuachia uvumi na picha za mikutano iliyojaa, na matokeo yakitangazwa tunakosa kipimo chochote cha kuyalinganisha nacho.

Ninyi mnaofanya tafiti, msiache kuja. Tangazeni tarehe za mahojiano, namna mlivyochagua watu, waliokataa ni wangapi na nani amelipa, yote siku moja na matokeo. Mkifika Matongo, mwanamke ahojiwe na mwanamke anayejua Kikurya, ndani ya nyumba, mume akiwa mbali. Swali la chama mwachieni aliweke alama mwenyewe, akunje karatasi na kuitumbukiza kwenye bahasha bila ninyi kuitazama.