KUTOONEKANA SI KUISHA

Wahenga walisema kwamba lisilo machoni, na moyoni halipo. Methali hiyo yaweza kumfariji aliyeachwa na mchumba, lakini katika mambo ya maji ni methali ya hatari. Mtu humwaga ndoo ya maji ya sabuni mtaroni, povu likaonekana kitambo kidogo, kisha likatoweka. Naye huenda zake akiamini kwamba sabuni imekwisha. Twapenda kuwauliza wasomaji wetu: je, imekwisha kweli, au imekwenda kwa jirani akaaye chini ya mto?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Ni la mfanyakazi ashikaye mapipa ya kemikali kiwandani, ni la mama afuaye nguo, ni la mvuvi, na ni la kila mtu anywaye maji. Kwa hiyo yatupasa sote kufahamu jinsi linavyojibiwa.

Sabuni ya asili, itokanayo na mafuta ya mimea na ya wanyama, ni chakula cha vijidudu vya majini. Wakishaila hubaki maji, hewa ya kaboni, na miili yao wenyewe. Huko ndiko kuoza, na kuoza ndiko kunakoutakasa mto. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kuuza kwa wingi sabuni za unga zilizotengenezwa kwa mazao ya petroli. Zilisafisha vizuri, hata katika maji ya chumvichumvi yanayokataa sabuni ya kawaida. Kasoro yake ilikuwa moja tu: dawa iliyotiwa ndani yake ilikuwa na umbo la matawi-matawi kama kichaka cha miiba, na vijidudu hawakupata mahali pa kuanzia kuitafuna.

Matokeo yake yalionekana na kila mwenye macho. Katika miaka ya 1950, mito ya Ujerumani Magharibi na Uingereza ilifunikwa na povu, na mitambo ya kusafishia maji machafu ikazidiwa. Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria, na kuanzia Oktoba 1964 dawa ya namna hiyo haikuruhusiwa kuuzwa ndani ya sabuni ila ikiwa imethibitishwa kwa kipimo kwamba huoza kwa asilimia 80 au zaidi. Viwanda vya Marekani vilikamilisha mabadiliko yao mwaka 1965. Dawa mpya ilikuwa na umbo la mkia ulionyooka, na vijidudu waliweza kuuanza nchani wakautafuna mpaka shinani. Povu likapungua mitoni.

Je, kazi ilikuwa imekwisha? La. Kipimo cha siku zile kiliuliza tu kama dawa imepoteza tabia yake ya sabuni. Hakikuuliza yamekwenda wapi mabaki yake. Ni sawa na mtu aulizaye kama nyumba ina paa, asitake kujua kama kuta zimebaki. Hatari ya kutosheka na jibu la nusu ilidhihirika katika kemikali iliyotumiwa sana kuoshea sufu na nguo viwandani, iitwayo nonilifenoli ithoksileti. Vijidudu huukata mkia wake, nayo huacha kutoa povu. Lakini kipande kinachobaki, yaani nonilifenoli, hukawia kuoza, huwadhuru viumbe vya majini kuliko kemikali mama, na huvuruga uzazi wa samaki. Mwaka 2003 Jumuiya ya Ulaya iliizuia katika sabuni na katika kazi nyingi za viwanda.

Basi kipimo cha haki ni kile kiulizacho mpaka mwisho. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, lijulikanalo kwa herufi OECD, lilitoa mwaka 1981 mwongozo wa kupima kama kemikali huoza upesi katika maji, likaurekebisha mwaka 1992. Njia zake ni kadhaa, lakini msingi wake hauna uchawi. Huchukuliwa maji yenye chumvi chache za lazima, hutiwa vijidudu kidogo, kwa mfano kutoka mtambo wa maji machafu, na hutiwa kemikali inayopimwa. Kemikali hiyo ndiyo iwe chakula chao cha pekee. Hawaruhusiwi kuzoezwa kwanza kuila. Chupa huwekwa gizani au penye mwanga hafifu kwa siku 28, na hewa ya kaboni wanayoitoa hunaswa na kupimwa, au hupimwa oksijeni wanayoitumia.

Kemikali hukubaliwa kuwa huoza upesi ikiwa asilimia 60 ya hewa ya kaboni iliyotazamiwa imepatikana, tena ndani ya siku 10 tangu kuoza kulipofikia asilimia 10. Msomaji atauliza: mbona 60, si 100? Ni kwa sababu alaye hujenga mwili. Sehemu ya kaboni huingia katika miili ya vijidudu wapya, haitoki kama hewa.

Tunalolisifu zaidi katika kipimo hiki ni kwamba hakijiamini ovyo. Kando yake huwekwa chupa isiyo na kemikali yoyote, ili ijulikane vijidudu wanapumua kiasi gani kwa hali yao. Huwekwa chupa nyingine yenye kitu kinachojulikana kuwa huoza, ili ithibitishwe kwamba vijidudu wenyewe ni wazima. Na yaweza kuongezwa ya tatu yenye vitu vyote viwili; kile kinachojulikana kikishindwa kuoza humo, twajua kwamba kemikali ni sumu kwa vijidudu. Laiti kila mwenye madai hadharani angejiwekea mashahidi wa namna hii!

Hata hivyo, tusikitukuze kipimo kupita kiasi. Kemikali iliyoshindwa si lazima iwe ya milele. Huenda ikahitaji muda zaidi, au vijidudu waliozoea. Na iliyofaulu haikupewa ruhusa ya kumwagwa popote. Chupani mna hewa ya kutosha, na kemikali ni miligramu chache tu kwa lita. Mtaroni hali ni nyingine. Ile dawa ya mkia ulionyooka, iozayo vizuri penye hewa, hukaa bila kuoza katika tope lisilo na hewa. Kipimo chema hakiwi badala ya mtambo wa kusafishia maji machafu.

Twayasema haya kwa sababu maneno mazuri ni rahisi kuchapwa juu ya pakiti. "Haidhuru mazingira", "hupotea katika maji": maneno hayo hayana siku, hayana asilimia, wala hayana shahidi. Kemikali iliyonaswa katika tope imepotea machoni, na iliyoruka hewani imepotea pia, lakini hakuna hata moja iliyooza.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu wafanyakazi, na hasa wale waliopewa dhamana ya kununua kwa ajili ya viwanda, hospitali, shule na vyama vya ushirika, wawe na maswali matatu midomoni kila wanapoletewa bidhaa ya kumwagwa majini. Imepimwa kwa kipimo gani? Imeoza asilimia ngapi, kwa siku ngapi? Na kilichobaki ni nini? Mwuzaji mwaminifu hatakasirika, maana karatasi za majibu anazo. Akibabaika, bei yake nafuu isitushawishi. Gharama anayoikwepa yeye leo, wataibeba wale wachotao maji chini ya mto, na mto ukishaharibika hautengenezwi kwa tangazo. Maji yakimwagika hayazoleki. Tuulize kabla hatujamwaga.