Bonyeza dirham, shangazi

Leo nimekasirika, na naona niseme mapema ili aliyekuja kutafuta habari za siasa apite zake. Nimekasirikia swali moja. Uko ugenini, umenunua kitu, umetoa kadi, na mashine inakuuliza: unataka kulipa kwa fedha ya hapa au kwa fedha ya kwenu?

Utadhani ni ukarimu. Mimi nasema ni wizi, tena wa kukuomba idhini.

Shangazi yangu anauza vitambaa vya mapazia Kariakoo. Miaka yote amekuwa akienda Dubai na dola zake kazifunga kiunoni. Anabadilisha, ananunua mzigo Deira, anarudi. Mimi, mjuaji wa ukoo, ndiye niliyempigia kelele. Shangazi, zama hizi mtu anatembea na pesa mwilini? Si utaibiwa! Fungua akaunti ya dola, chukua kadi. Maskini, akanisikiliza.

Safari yake ya kwanza na kadi, mzigo ukafika dirham 14,000. Mashine ikaleta mistari miwili: AED 14,000 au USD 4,000. Muuzaji, ambaye Kiswahili cha biashara anakijua vizuri tu, akamwambia, "Mama, bonyeza dola, rahisi." Sasa kadi ni ya dola, akaunti ni ya dola, wewe ungebonyeza nini? Akabonyeza dola.

Haya, chukueni kalamu. Dirham imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997: dola 1 ni dirham 3.6725. Gawanya 14,000 kwa 3.6725, unapata dola 3,812 na senti kidogo. Mashine imechukua 4,000, maana yake imehesabu dola moja kuwa dirham 3.50 tu. Dola 188 zimekwenda! Hiyo inazidi mshahara wa mwezi mzima wa binti anayemsaidia dukani. Na kiwango chenyewe kimeandikwa kwenye risiti, kwa maandishi ya kumtafutia mtu miwani.

Wenyewe wanaiita DCC. Badala ya mtandao wa kadi yako kubadilisha fedha, kazi hiyo inafanyika palepale dukani kwa kiwango walichojipangia wao. Cha juu wanagawana: kampuni inayoendesha huduma, benki ya muuzaji, na mara nyingi muuzaji mwenyewe. Ndiyo maana anakuhimiza. Ukichagua fedha ya nchi uliyopo, kubadilisha kunafanywa na Visa au Mastercard, na viwango vyao vipo kwenye tovuti zao, mtu yeyote anaviona. Benki yako nayo itaongeza ada yake, sikatai, kwa hiyo hata shangazi asingekatwa 3,812 kamili. Lakini zipo benki zinazotoza ada ya malipo ya nje hata ukikubali DCC, kwa sababu tu duka liko nje. Hapo umenyolewa kichwa pande zote mbili.

Kuna wanaoitetea. Eti mteja anajua palepale amekatwa kiasi gani kwa fedha anayoizoea. Jamani! Dirham haijasogea kwenye dola tangu 1997, uhakika gani huo wa kununuliwa kwa karibu asilimia 5? Hata kwa mwenye kadi ya shilingi, kuonyeshwa hesabu ni jambo moja, kutozwa kwa kuonyeshwa ni jambo jingine.

Na msinielewe vibaya, sheria za Visa na Mastercard zinataka mteja achague mwenyewe, muuzaji haruhusiwi kumbonyezea. Umoja wa Ulaya ukaenda mbali zaidi: mwaka 2019 ulipitisha kanuni, na tangu 2020 anayetoa huduma hii kule anatakiwa kuonyesha cha juu kwa asilimia, akilinganisha na kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Asilimia hata shangazi anaielewa. Angeona "asilimia 5" angeguna na kuondoka. Lakini "USD 4,000", namba nzuri ya mviringo, itamshtua nani?

Hasira yangu kubwa lakini iko hapa nyumbani. Benki iliyompa kadi ilimpa bahasha inayong'aa, ikampa namba ya siri, ikampa na kalenda. Hakuna aliyemwambia kwamba atakutana na swali hili, na jibu ni fedha ya nchi aliyopo, dukani, hotelini na hata kwenye ATM. Dakika moja ingetosha. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa kaunta akaniambia mteja alichagua mwenyewe. Kweli kabisa. Na mimi nikamuuliza, wewe ungechagua nini? Akatazama kompyuta yake.

Kumbe dawa ingekuwepo palepale: kabla hajatoka dukani angedai malipo yafutwe na yarudiwe kwa dirham. Sasa nani alimwambia?

Nilipokwenda kumwomba radhi nilimkuta anafunga duka. Shikamoo shangazi. "Marahaba baba. Umekuja na dola zangu?" Tukacheka, ila yeye alicheka kidogo. Mwezi ujao anasafiri tena. Nimemwandikia AED kwa wino mwekundu kwenye kikaratasi, akakiweka pamoja na kadi. Dola za mzigo, ameniambia, zitakaa kiunoni.