Muhula wa Ugenini Si Likizo
Hoja kwamba muhula wa masomo nje ya nchi ni likizo ya kulipiwa haina mashiko. Katika mpango wa Erasmus, ulioanza Ulaya mwaka 1987, mwanafunzi husaini mkataba wa masomo pamoja na chuo chake na chuo mwenyeji. Muhula kamili una krediti 30. Mhispania anayekwenda Bologna, Italia, hukutana na mitihani mingi ya mdomo: huketi mbele ya profesa, huulizwa mara nyingi kwa Kiitaliano, na alama ya kufaulu ni 18 kati ya 30. Asiyesoma hana pa kujificha. Dosari ya kweli ni ruzuku, ambayo mara nyingi haitoshi hata kodi ya chumba. Wengi wasio na wazazi wa kuwaongezea fedha hubaki nyumbani, na hilo ndilo wakosoaji wangelipigia kelele.